Taa ya Nyuma ya Trela

Leo nataka tuzungumze juu ya taa ndogo sana, ile nyekundu iliyo nyuma ya trela. Huenda mama mmoja anasema, mimi sina trekta, neno hili halinihusu. Ngoja kidogo, mama. Labda mwanao amepanda matatu jioni hii kutoka Kitale, naye yuko njiani kupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu. Neno hili lamhusu yeye.

Sisi wa pande hizi twayajua matrela vizuri. Kule Kitale, tangu mwezi wa Oktoba mavuno yanapoanza, matrekta huvuta mahindi kwenda ghalani. Huku Bungoma ni miwa. Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianzishwa mwaka 1975, kikaanza kusaga miwa mwaka 1978, na barabara zetu zikazoea trela lililojaa hata miwa ikaning'inia nyuma na kufunika kila kitu, taa zenyewe pia.

Jua letu huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na giza halikawii. Trekta lenye mzigo hujikokota polepole. Nyuma yake laja gari dogo kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Gari la mwendo huo hula mita 22 kwa kila sekunde. Kama dereva ameinamisha taa zake kwa sababu lori linamjia, huona mbele yake labda mita 40 au 50. Hesabu mwenyewe: ni kama sekunde mbili. Katika sekunde mbili mtu hajakanyaga breki sawasawa, sembuse kusimamisha gari.

Sasa angalieni jambo hili. Taa ya mbele ikifa, dereva huitengeneza usiku huo huo, maana bila hiyo haoni njia. Taa ya nyuma haimfai yeye hata kidogo. Haioni. Ni ya mtu asiyemjua, ajaye nyuma yake. Ndiyo sababu yaweza kufa miezi mitatu na trela likaendelea na safari zake. Yule mwanasheria aliyetaka Bwana Yesu amweleze jirani yake ni nani hakutajiwa mtu wa kijiji chake. Alipewa habari za mtu wa barabarani, tena mgeni. Nadhani mwenye trekta anaweza kuisikia habari ile kwa masikio mapya.

Basi, taa imekufa. Tuanze wapi? Kwanza futa matope kwenye kioo, kisha fungua uitazame balbu. Mara nyingi kazi huishia hapo. Lakini wengi wetu hukimbilia dukani kununua betri, na betri si kitu cha bei rahisi, tena mara nyingi hulaumiwa bure. (Sisemi habari za trekta lisilo na betri kabisa, lile linalowashwa kwa kuteremshwa mlimani. Hilo lisitoke shambani usiku.)

Betri ipimwe kabla ya kuhukumiwa. Zima injini, uiache betri ipumzike saa kadhaa, kisha weka mita kwenye vichwa vyake viwili. Ikisoma volti 12.6, imejaa. Ikisoma 12.2, imebaki nusu hivi. Chini ya 11.8 imekwisha, ichajiwe upesi isije ikaharibika. Ikiwa imechajiwa usiku kucha na bado yasoma karibu 10.5, basi kimoja katika vyumba vyake sita kimekufa, na hakuna fundi atakayekifufua. Halafu washa injini upime tena. Sasa mita ipande mpaka kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki 12, betri hailishwi. Tazama mkanda, tazama altaneta. Ukinunua betri mpya hapo, utaizika kama ya kwanza.

Maji ya betri ni yale yaliyosafishwa, yanayouzwa kwa kazi hiyo, si ya mtoni wala ya kisima. Na usiongeze asidi. Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri huzuia umeme. Uoshe kwa maji yenye magadi kidogo, vifuniko vikiwa vimefungwa. Wala usiwashe kiberiti ili uchungulie ndani. Betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka, na macho ni mawili tu.

Sasa tufike kwenye fyuzi, maana hapa ndipo penye hatari kubwa. Fyuzi ni waya mwembamba uliotengenezwa ukatike kwanza, ili nyaya nyingine zisiungue. (Wahubiri wameupenda sana mfano huu, leo nauacha.) Fyuzi ikikatika, huwa inasema kwamba mahali fulani umeme unapita njia ya mkato. Nasi twafanya nini? Twaifunga kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ajabu ni kwamba hata wazee wa kanisa, ambao hawajavuta sigara tangu kuzaliwa, karatasi hiyo hawaikosi. Wengine huweka kipande cha waya, wengine msumari. Taa yawaka, watu wafurahi, safari yaendelea. Lakini ile njia ya mkato bado ipo, na sasa hakuna cha kuizuia. Waya wenyewe utapata moto mpaka mpira wake uyeyuke, karibu na dizeli na grisi, na juu yake majani makavu ya miwa au magunia ya mahindi.

Tufanye hesabu ndogo. Taa mbili za nyuma, kila moja wati 5, hazifiki hata ampea moja. Taa mbili za breki, kila moja wati 21, zatumia ampea tatu na nusu. Zote pamoja hazifiki tano. Fyuzi ya ampea 10 haina sababu ya kukatika kwa mzigo huo. Ikikatika, usiweke ya 30. Tafuta kidonda.

Na kidonda kinatafutwa hivi, wala hakihitaji chombo cha gharama. Chukua balbu ya breki ya wati 21, uifunge nyaya mbili. Toa fyuzi iliyokatika, weka nyaya hizo mbili mahali pake, kisha washa swichi ya taa. Balbu iking'aa kwa nguvu zake zote, njia ya mkato ingalipo. Chomoa plagi ya trela. Balbu ikififia au kuzimika, kosa liko kwenye trela. Ikiendelea kung'aa, liko kwenye trekta. Rudisha plagi, ufuate waya kipande kwa kipande, ukiutikisa. Tazama hasa pale unapopita kwenye tundu la chuma, pale unapobanwa trekta likikata kona, na pale miwa ilipogonga taa. Mahali utakaposhika na balbu ikafifia, hapo ndipo. Kwa njia hii fundi hutafuta asubuhi nzima bila kuchoma fyuzi hata moja.

Kuna ugonjwa mwingine unaowasumbua watu kuliko huo. Betri nzuri, fyuzi nzima, balbu mpya, na taa hazitaki. Au unakanyaga breki, na taa za nyuma zinafifia badala ya kuongezeka. Hapo umeme umekosa njia ya kurudi. Kwenye matrela mengi umeme hurudi kwa kupitia chuma, yaani bodi na pini ya kuvutia, na pini hiyo imejaa kutu, grisi na udongo. Ujaribu hivi: shika waya mrefu, ncha moja iguse bodi ya taa, nyingine iguse chuma safi cha trekta. Taa ikiwaka, umepata jibu. Usitegemee pini tena. Vuta waya wa kurudi mpaka kwenye plagi, na kila unapofunga skrubu, kwaruza rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae.

Plagi yenyewe isiburutwe matopeni trela likiachwa, itundikwe juu. Na mkipakia, tanboi azunguke nyuma aone kama miwa imefunika taa, tena azunguke kabla ya jua kuzama, si baada ya polisi kuwasimamisha.

Kama giza limekukuta na taa zimekataa, usiseme ni mwendo mfupi tu mpaka mzani. Toa trela barabarani kabisa, uegeshe penye uwanja, uondoke nalo asubuhi. Likikwama katikati ya njia, matawi tuliyozoea kuweka husaidia mchana. Usiku hayarudishi mwanga wa taa. Weka zile pembetatu nyekundu zinazong'aa, hatua 50 au zaidi nyuma ya trela, na watu wakae pembeni kwenye majani, wasikae nyuma ya trela kulinda miwa. Mkimaliza kutengeneza, mawe mliyozuia magurudumu yaondoeni barabarani, maana nyuma yenu yuaja mtu wa pikipiki.

Kwaherini.