Utando Unaoamua Umri wa Betri: Maelezo kwa Wahudumu wa Bodaboda, Wadi ya Murera



Pikipiki za umeme zinazidi kuonekana barabarani, na kila anayefikiria kununua huuliza swali lilelile: betri itadumu muda gani? Ni swali la haki. Mkopo hulipwa kwa kazi ya kila siku, na betri ikichoka kabla ya mkopo kuisha, deni halichoki nayo.

Ndani ya betri kuna pande mbili, anodi na kathodi, na kati yake majimaji yaitwayo elektroliti. Chembe zenye chaji, yaani ioni, huelekea kathodi pikipiki inapotembea, kisha hurudi inapochajiwa. Sehemu moja inayoharibika mapema ni uso wa kathodi. Volti ikiwa juu, majimaji huvunjika pale yanapougusa, na mabaki yake huziba njia ya ioni.

Dawa mojawapo ni kuufunika uso huo. Mwenye paa la mabati anaijua hesabu hii: chuma hupakwa zinki ili kutu isikifikie. Ila zinki kazi yake ni kukinga tu. Utando wa kathodi lazima uzuie majimaji na bado upitishe ioni, kama chujio linavyobakisha majani na kuachia chai. Unene wake hupimwa kwa nanomita. Unywele mmoja una nanomita 80,000 hivi. Ukizidi unene, betri inachaji kwa taabu.

Kwa betri za lithiamu mbinu hii imezoeleka, na oksidi ya alumini ni mojawapo ya vitu vinavyotumika. Magnesiamu ndiyo inayosumbua. Si adimu: lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 1.3. Ioni yake hubeba chaji mbili, ya lithiamu moja. Lakini chaji hizo mbili huifanya ing'ang'anie kila inapopita, ndani ya kathodi na ndani ya utando pia. Mwaka 2000, Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, walionyesha betri ya magnesiamu iliyochajiwa zaidi ya mara 2,000. Ilitoa volti 1 na kidogo. Ya lithiamu hutoa zaidi ya 3. Kupandisha volti kunataka kathodi kali zaidi, na hizo ndizo zinazohitaji utando ambao watafiti bado wanautafuta.

Kwa hiyo atakayefika stejini akiuza betri ya pikipiki ya magnesiamu asipewe hata shilingi ya amana.

Anayechukua ya lithiamu adai dhamana kwa maandishi, idadi ya mara inazoweza kuchajiwa, na jina la atakayeipokea ikifa. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inamtaka mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata inapogeuka taka. Betri iliyokufa isipasuliwe nyumbani kutafuta shaba, kwani elektroliti yake hushika moto.