Kuchora Chupa Tupu: Neno kwa Wazazi na Walezi

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

Leo tunazungumza na wazazi, walezi, na vijana wanaofundisha watoto kuchora.

Watoto wa kambini wakipewa rangi, mara nyingi huambiwa: "Chora ulikotoka. Chora safari yako." Anayependa, achore. Lakini yuko mtoto ambaye njia ile bado inamwamsha usiku. Huyo asilazimishwe. Mpeni kitu kilicho mbele yake leo: chupa tupu ya soda, au gilasi yenye maji nusu.

Kwa nini kioo? Kwa sababu kinamfundisha mtoto kutazama. Kioo kisicho na rangi huchorwa kwa kile kinachoonekana nyuma yake. Weka kitenge chekundu nyuma ya gilasi: wekundu utaonekana ndani yake, maua ya kitenge yakiwa yamepinda. Tia kijiko kwenye maji: kitaonekana kama kimevunjika pale maji yanapoanzia, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka majini kuingia hewani. Mtoto achore hivyo anavyoona, asikinyooshe.

Kazi yenyewe ni rahisi. Mtu mzima achague chupa nzima isiyo na ufa, aiweke karibu na mlango, mwanga utoke upande mmoja. Mtoto aanze na penseli. Kama ni rangi ya maji, atangulize iliyo nyepesi. Nzito ije mwisho, ukingoni na kwenye kitako. Panapong'aa paachwe bila rangi, weupe wa karatasi utatosha. Rangi hakuna? Kipande cha mkaa wa jikoni kinafaa.

Mama, baba, tunajua mgao haufiki mwisho wa mwezi, na karatasi inaweza kuonekana ni anasa. Hata hivyo, mtoto akikuletea picha, usimwambie amechora chupa tu. Muulize: "Umeona nini humo ndani?" Kisha msikilize.

Lilongwe iko kilomita zaidi ya 40 kutoka hapa, lakini kutoka kambini kunahitaji ruhusa, na watoto wengi hawajaufika mji huo. Picha zao zinaweza kuonwa na watu wa mjini hapa hapa. Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Menes La Plume, aliyekuwa mkimbizi hapa Dzaleka, huleta wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi. Vikundi vya watoto viombe nafasi mapema.

Jambo la mwisho, na ni zito: picha ni mali ya mtoto aliyeichora. Kabla haijaonyeshwa, haijauzwa wala kupigwa picha kwa simu, aulizwe yeye na mzazi wake. Akisema hapana, irudi nyumbani.



(Muziki.)