Kuziba EGR Katika Malori ya Dizeli: Ugonjwa Unaofichwa na Kipande cha Bati

Mada iliyotolewa katika semina ya mafundi, madereva na wenye malori, Othaya, Kaunti ya Nyeri

Nitakayoyasema hapa ni maoni yangu, si msimamo wa taasisi iliyonituma. Nimeombwa niliweke hilo wazi mapema.

Ufafanuzi

Mfumo wa EGR mnaushika kila wiki, kwa hiyo nitapita haraka. EGR huchukua sehemu ya moshi unaotoka kwenye injini, huupoza, kisha huurudisha kwenye hewa inayoingia silinda. Moshi huo hauna oksijeni nyingi, hivyo joto la mlipuko hushuka. Joto likishuka, oksidi za naitrojeni hupungua, yaani zile gesi zinazowasha mapafu na kuchangia mvua ya asidi. Tangu mwaka 2012 kitengo cha utafiti wa saratani cha Shirika la Afya Duniani kimeuorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa visababishi vya saratani. Tuendelee.

Tatizo lenyewe

Lori linaletwa gereji likiwa zito, linatoa moshi mweusi mlimani, taa ya injini inawaka. Fundi anafungua valvu ya EGR, anakuta masizi yameganda kama lami. Anakata kipande cha bati kwa umbo la gasketi, anakitia katikati, anakaza bolti mbili. Jioni lori linapanda kilima likiimba. Mwenye gari analipa bila kubishana.

Lazima tuseme ukweli: bati hufanya kazi. Masizi hayaingii tena kwenye manifoldi ya hewa, oili inakaa safi zaidi, na mara nyingi hata moshi mweusi hupungua. Ndiyo maana mihadhara ya kukemea haijafua dafu hapa. Fundi amekwisha kuona kwa macho yake kwamba gari limepona.

Lakini swali ambalo nimelipigania miaka mingi ni hili: masizi yale yalitoka wapi? Kila injini yenye EGR hupata masizi kidogo. Valvu kuziba kabisa katika muda mfupi si jambo la kawaida. Ama injekta inavuja, ama turbo inapitisha oili, ama njia ya kupumulia ya kreniki imeziba, ama eakilina haijabadilishwa tangu msimu uliopita. Mvuke wa oili ukikutana na masizi makavu ndipo ile lami inapozaliwa. Kutia bati bila kutafuta chanzo ni kumziba mdomo mtoto anayelia bila kumuuliza kinachomuuma. Injekta inaendelea kuvuja, dizeli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na siku pistoni inapotoboka hakuna anayekumbuka bati.

Kazi za huku nazo zinaongeza shida. Lori linalokusanya majani ya chai kwenda viwanda kama Chinga au Iria-ini husimama kituo baada ya kituo majani yakipimwa, injini ikinguruma bila mzigo. Injini isiyopata moto haichomi vizuri. Othaya nayo iko takriban mita 1,800 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Kompyuta ya injini inategemea sensa kulipia upungufu huo. Sensa ikifunikwa na masizi, inahesabu vibaya.

Kuna hatari nyingine inayoniudhi zaidi. Kipoza cha EGR kikipasuka, maji ya rejeta hupungua na moshi mweupe hutoka. Fundi anabadilisha gasketi ya hedi, maji yanaendelea kupotea. Anakuja mwingine anatia bati upande wa valvu. Ufa haujaguswa, na maji bado yana njia ya kushukia upande wa ekzosi. Gari likiegeshwa usiku, yanaweza kuingia silinda kupitia valvu ya ekzosi iliyobaki wazi; asubuhi stata ikipigwa, konrodi inapinda. Gharama hiyo ingenunua kipoza na chenji ikabaki.

Kisha kuna malori yaliyotumika kutoka Japani, ambayo kwa sheria yetu hayakupaswa kuzidi miaka 8 yalipoingizwa. Mengi yana kichungi cha masizi kinachojisafisha chenyewe kwa kuyachoma, na kompyuta hutumia EGR na valvu ya hewa kuongoza kazi hiyo. Ukiziba EGR, msimbo wa hitilafu P0401 unajitokeza, na kichungi huenda kikaacha kujisafisha. Hapo anaitwa kijana mwenye laptop kufuta programu, na sasa tuna makosa mawili badala ya moja.

Upande wa sheria

Kanuni za Ubora wa Hewa za mwaka 2014 zinagusa moshi wa magari. Tafsiri yake nawaachia mamlaka za mazingira na usafiri, NEMA na NTSA. Ila mtaniruhusu kusema kwamba kipimo cha moshi wa dizeli hupima weusi, na oksidi za naitrojeni hazionekani humo. Lori lililozibwa linaweza kupita vizuri kuliko lisilozibwa. Mwaka 2015 Marekani iliibana Volkswagen kwa programu iliyodanganya vipimo, na magari hayo yalikuwa yakitoa oksidi hizo hadi mara 40 ya kiwango. Udanganyifu huo uligunduliwa kwa sababu magari yalipimwa barabarani.

Mapendekezo

Fundi apime injekta kabla ya kugusa EGR. Apime pia mgandamizo wa turbo, na aangalie njia ya kreniki na eakilina. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Valvu isafishwe kwa dawa ya masizi na brashi laini. Ile ya umeme isilazimishwe kwa bisibisi. Gia zake za ndani huvunjika. Manifoldi nayo ishushwe isafishwe, la sivyo kazi ni nusu. Baadaye kompyuta ifundishwe upya kwa mashine.

Maji yakipotea bila kuonekana, kipoza kipimwe kwa shinikizo kabla ya kufungua hedi.

Dereva azime injini wakati wa kupima majani. Mwenye gari naye asidai gari jioni ileile. Haraka hiyo ndiyo inayokata bati.

Dizeli inunuliwe mahali pa kuaminika, na risiti itunzwe. Tangu 2015 Afrika Mashariki imeingia kwenye dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli. Manufaa ya hatua hizo hupotelea kwenye pipa la kando ya barabara.

Mamlaka zifikirie kupima oksidi za naitrojeni, hata kwa sampuli chache. Vyama vya mafundi vinunue mashine moja ya kusoma kompyuta, ya kutumiwa kwa zamu. Gereji ikiziba EGR, iandike kwenye kadi ya kazi ili fundi anayefuata ajue.

Na injekta zipimwe kwanza. Narudia kwa sababu najua kesho asubuhi itakavyokuwa.

Baada ya chai tutaenda uani. Kuna valvu tatu juu ya meza na kipoza kimoja kilichopasuka. Tafadhali msikioshe kabla ya kila mmoja kuona ufa ulipo.