Kifunga Mdomo au Chanjo? Mada Kuhusu Sheria Ndogo ya Mbwa katika Kata ya Mkumbara



Nimeombwa nijadili pendekezo kwamba kila mbwa anayetoka nje ya ua wa mwenyewe avishwe kifunga mdomo, na asiyemvisha mbwa wake atozwe faini. Nitaweka msimamo wangu wazi mapema ili wanaonipinga wapate nafasi ya kunipima ninavyoendelea. Kwa Mkumbara hii tunayoijua, sheria hiyo itawatoza watu faini bila kuwakinga watoto wetu. Kinga ya kweli ipo, na imekwisha kufanya kazi hapa hapa Tanzania.

Hofu iliyozaa pendekezo hili siidharau hata kidogo. Inakadiriwa kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, karibu wote wakiwa Afrika na Asia. Kwa Tanzania makadirio ya watafiti yanatofautiana, kuanzia mamia kadhaa hadi kama 1,500 kwa mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya kila watu kumi wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, wanne ni watoto wasiofikia miaka 15. Virusi hukaa kwenye mate. Vikiingia kwenye jeraha hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu mpaka ubongoni, safari ambayo kwa kawaida huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Katika muda huo mgonjwa anaweza kuokolewa. Dalili zikishaanza, akashindwa kumeza maji na kuanza kuweweseka, hospitali haina tena cha kumfanyia zaidi ya kumpunguzia mateso. Mzazi aliyeshuhudia hilo akisema mbwa wote wafungwe midomo kesho asubuhi, mimi namwelewa.

Lakini tuwatazame mbwa wenyewe. Utafiti uliofanywa katika wilaya nyingi za nchi yetu unaonyesha kuwa wengi wa mbwa tunaowaita koko wana wenyewe. Wana nyumba wanapolala na mtu anayewamwagia makombo, ila mchana wanazurura watakavyo. Hapa kwetu tunao mbwa wanaolinda mahindi dhidi ya nyani na nguruwe pori, hasa vijiji vilivyo chini ya milima. Wapo wanaotembea na ng'ombe wa ndugu zetu Wamaasai kuelekea Mkomazi, na wapo walinzi wa usiku kwenye maduka na nyumba za wageni kando ya barabara kuu. Mbwa wa shamba aliyefungwa mdomo hawezi kumtisha nyani. Mbwa wa mifugo aliyefungwa mdomo hawezi kupambana na fisi. Mwenye mbwa ataona upesi kwamba sheria imemnyima sababu yenyewe ya kumfuga, na faini haitabadilisha mawazo yake.

Yupo atakayeniambia kuwa Waingereza walikimaliza kichaa cha mbwa kwa njia hii hii. Ni kweli, na historia hiyo inafaa tuisome kwa makini. Mwaka 1897 Walter Long, aliyesimamia Bodi ya Kilimo ya Uingereza, alisambaza amri ya kuwafunga mbwa midomo katika maeneo mengi ya nchi. Watu walimpinga vikali, hakutetereka, na mwaka 1902 ugonjwa ukawa umetoweka. Mwaka 1918 uliingia tena, wakaudhibiti hadi ukaisha mwaka 1922. Wanaotutajia mfano huo husahau kutaja mambo yaliyokwenda pamoja na amri yenyewe. Uingereza ya wakati ule ilitoza leseni ya mbwa, kwa hiyo mwenye mbwa alijulikana. Ilikuwa na polisi wa kutosha kukamata kila mbwa aliyeonekana barabarani bila kifunga mdomo. Ni kisiwa, na mbwa waliotoka nje walizuiwa bandarini. Tena haikuwa na chanjo ya mbwa. Long alitumia kifaa alichokuwa nacho. Sisi tunacho kilicho bora zaidi.

Mkumbara haijawahi kuwa kisiwa. Tangu Wajerumani walipoteremsha mbao za Shume kwa waya wa angani hadi stesheni yetu ya reli, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, hapa pamekuwa mahali pa kupitia. Leo malori na mabasi ya Arusha, Moshi, Tanga na Dar es Salaam yanapita usiku na mchana, na mifugo inavuka kutoka Same. Mbwa mwenye kichaa anaweza kutoka Mazinde au Mkomazi na kufika kwetu kabla ya adhuhuri, naye hatakuwa amevaa chochote mdomoni. Akiwakuta mbwa wetu hawajachanjwa atawaambukiza, hata kama kila mmoja wao amefungwa mdomo kwa mujibu wa sheria.

Halafu kuna joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema mdomo wazi na ulimi nje. Kifunga mdomo kinachofaa ni kile cha umbo la kikapu, ambacho mbwa anaweza kuhemea na kunywea maji ndani yake. Nawauliza wenzangu: ni duka gani Mkumbara, au hata Mombo, linaloviuza? Sheria ikipita, watu watatumia walicho nacho, na sisi tunaishi kwenye mashamba ya mkonge. Watachukua kamba ya katani wamfunge mbwa pua na taya, kisha wamwache juani. Mbwa wa namna hiyo anaweza kufa kwa joto siku hiyo hiyo. Mwenye mbwa atakuwa ametii sheria ya kijiji huku akivunja Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayokataza kumtesa mnyama. Na atakayetumwa kumvisha mbwa kamba hiyo ni nani? Kwenye kampeni za chanjo, mara nyingi watoto ndio huwaleta mbwa, kwa kuwa ndio waliowazoea. Tutakuwa tumepeleka mikono ya watoto karibu kabisa na meno tunayoyaogopa.

Liko jambo jingine linalonisumbua zaidi. Mbwa mwenye kichaa huwauma mara nyingi watu wa nyumbani kwake na majirani zake, mahali ambapo sheria ya barabarani haifiki. Si kila mbwa mgonjwa hutoa povu na kukimbiza watu, maana wapo wanaopooza taratibu. Taya hulegea, sauti hubadilika, mate humtoka, na mwenyewe hudhani amekwamwa na mfupa, akaingiza mkono kooni kuutoa. Mwalimu aliye hapa leo akiwafundisha wanafunzi wake jambo hilo moja tu, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko faini zote.

Sisemi kifunga mdomo hakina mahali pake. Mbwa aliyekwisha kumuuma mtu avishwe kila atokapo. Mbwa anayepakiwa kwenye basi au kupitishwa kwenye gulio avishwe pia, na mbwa wa ulinzi wa kampuni asitembezwe bila hicho na mnyororo. Afisa mifugo awe navyo viwili vitatu vya vipimo tofauti siku ya chanjo na matibabu.

Sasa nije Pemba. Kisiwa hicho kilipata mlipuko wa kichaa cha mbwa kati ya mwaka 2010 na 2014. Kampeni za chanjo za mwanzo ziliacha mapengo na ugonjwa ukaendelea. Zilipoboreshwa zikafika kila shehia, ukakatika. Mwaka 2016 virusi viliingizwa upya kutoka nje ya kisiwa, watu wakaumia tena, chanjo ikarudiwa kwa nguvu, na kufikia mwisho wa 2018 ugonjwa ulikuwa umetokomezwa. Pemba ni jamii ya Waislamu kama walivyo wengi wetu, na wengi huko hawapendi kushika mbwa. Hilo halikuzuia kazi.

Sababu ya mafanikio hayo inaeleweka. Kichaa cha mbwa hakisambai kwa kasi kama surua. Kwa wastani mbwa mgonjwa huambukiza mbwa wasiofika wawili, kwa hiyo tukichanja asilimia 70 ya mbwa, virusi hukosa pa kwenda. Ugumu upo kwenye kuirudia kazi, kwa kuwa mbwa wetu hawaishi muda mrefu, watoto wa mbwa wanazaliwa kila msimu, na kiwango cha kinga hushuka kabla mwaka haujaisha. Kuwapiga risasi au kuwatilia sumu, kama halmashauri nyingi zilivyozoea, kunaliongeza tatizo hilo: tunaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, kisha watu wanaleta mbwa wapya wasio na kinga. Kisiwa cha Flores nchini Indonesia kiliua maelfu kwa maelfu ya mbwa baada ya mlipuko wa mwaka 1997, na ugonjwa ukabaki.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982, inaziruhusu halmashauri za vijiji kutunga sheria ndogo. Napendekeza yetu iwe fupi. Kila mwenye mbwa amwandikishe kwa mwenyekiti wa kitongoji na awe na cheti cha chanjo kisichozidi mwaka mmoja. Mbwa asiye kazini shambani au machungani afungiwe mchana, hasa karibu na shule. Mbwa akimuuma mtu, mwenyewe atoe taarifa siku hiyo hiyo na amfungie kwa siku kumi bila kumuua. Akiwa hai na mzima baada ya siku hizo, mate yake hayakuwa na virusi alipouma. Akifa mapema, afisa mifugo apeleke sampuli Wakala wa Maabara ya Veterinari. Mbwa anayeuawa papo hapo na kufukiwa anatunyima jibu hilo.

Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje. Pilipili, majivu na mafuta ya taa yasiwekwe. Sindano zinazohitajika ni ghali na hazipatikani kila mahali, na familia nyingi huuza mbuzi ili kulipia dozi pamoja na nauli za kwenda Korogwe mara kadhaa. Gharama ya kumchanja mbwa mmoja ni sehemu ndogo sana ya fedha hizo.

Najua pingamizi litakalofuata: chanjo inahitaji jokofu, na afisa mifugo anafika mara moja kwa mwaka, akifika. Watafiti waliofanya kazi Tanzania walichapisha mwaka 2016 matokeo kuhusu chanjo moja ya mbwa inayotumika sana. Ilikaa miezi sita katika nyuzijoto 25, na miezi mitatu katika nyuzijoto 30, bila kupoteza nguvu. Baadaye, mkoani Mara, vyombo vya kupoza visivyotumia umeme vimetumika kutunza chanjo vijijini, na wakazi waliofunzwa wakachanja mbwa mwaka mzima bila kungoja gari la wilaya. Naomba kikao hiki kimwandikie Mkurugenzi wa Halmashauri kuomba mpango kama huo. Kila kijiji kitoe watu wawili wa kufunzwa, mmoja wao mwanamke, maana mchana yeye ndiye anayekutwa nyumbani na ndiye anayejua mbwa wa nani amezaa.