MAJAJI WAKUU WACHAGULIWE VIPI, NA WAKAE MUDA GANI?

(Maneno aliyoyasema ndugu yetu mwenye duka Omurushaka, mbele ya wanachama wa Karagwe na Kyerwa.)



Mimi si mwanasheria. Elimu yangu ni ya chuoni, na baada ya hapo ni ya mizani na daftari la madeni. Walakini aliyezoea mizani hujua jambo moja: mnunuzi hawezi kuwa na raha ikiwa jiwe la kupimia latoka mfukoni mwa muuzaji. Hilo ndilo lililonisimamisha mbele yenu leo.

Hebu tuyatazame mambo yalivyo. Kwa Katiba ya Muungano ya 1977, Jaji Mkuu huteuliwa na Rais. Majaji wengine wa Rufani huteuliwa na Rais, baada ya kushauriana na huyo Jaji Mkuu aliyemteua yeye mwenyewe. Wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais pia, baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Na kushauriana, ndugu zangu, si kufuata shauri. Mahakama hiyo ya Rufani ndiko zinakoishia rufaa nyingi za kwetu Visiwani, isipokuwa tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mambo ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Basi mtu wa Wete na mtu wa Nkwenda wote wamo katika kiganja kimoja.

Sasa njooni kwenye muda. Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60. Wa Rufani, miaka 65. Hesabu hiyo yaonekana ndogo, lakini ifikirini kama mfanya biashara. Jaji mwenye miaka 58 ajua kwamba mwenye kumpandisha Rufani, na kumzidishia miaka mitano ya kazi, ni mtu mmoja tu, na huenda kesho akaletewa kesi ya Serikali ya mtu huyo. Sisemi kwamba atapindisha hukumu. Nasema hapana haki ya kumtia mwanadamu katika mtihani huo. Tena Rais aweza kumwongezea muda jaji aliyefikia umri, akiona kuna maslahi ya umma na jaji akakubali. Mwaka 2023 Profesa Ibrahim Juma, aliyekuwa Jaji Mkuu, alitimiza miaka 65 akaongezewa muda. Wapo wanasheria waliosema nafasi hiyo haimhusu Jaji Mkuu. Alikaa hadi 2025, kisha akateuliwa Bwana George Masaju, aliyepata kuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Nanyi wa Murongo mwaiona Uganda ng'ambo ya mto. Huko Jaji Mkuu Benjamin Odoki alifikia miaka 70 mwaka 2013, na Rais Museveni akataka kumrudisha kazini. Mbunge mmoja alishitaki, na mwaka 2014 Mahakama ya Katiba ikasema haiwezekani. Nchi hiyo yajua thamani ya jambo hili kwa damu: Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa na askari wa Idi Amin katika Mahakama Kuu ya Kampala, wala hakurudi kwa watu wake.

Kenya, tangu Katiba yao ya 2010, anayetaka kuwa Jaji Mkuu hupeleka maombi, akaulizwa maswali na Tume mbele ya watu wote, kisha jina likapita Bungeni. Akishika kiti hazidishi miaka kumi, wala hapiti umri wa 70. Mahakama ya Juu iliyopatikana kwa njia hiyo ndiyo iliyofuta uchaguzi wa Rais tarehe 1 Septemba 2017. Si kwamba kwao kumetimia. Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34 mwaka 2021 akawaacha sita waliopendekezwa na Tume.

Sisi je? Alipoufuta uchaguzi wa Zanzibar Mwenyekiti wa Tume, tarehe 28 Oktoba 2015, tulibaki tukiulizana pa kushitaki. Na ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano yakataza mahakama yoyote kuuchunguza ushindi wa Rais uliokwisha kutangazwa, ingawa Mahakama ya Afrika pale Arusha ilisema mwaka 2020 kwamba katazo hilo lavunja haki za watu.

Msidhani nawatukana majaji wetu. Mwaka 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kuwa raia aweza kugombea bila ya chama. Bunge likageuza Katiba. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani, chini ya marehemu Augustino Ramadhani, mtu wa Visiwani, ikasema hilo ni la Bunge. Na mwaka 2015 Jaji Ramadhani mwenyewe akaomba kugombea Urais kwa chama kinachotawala. Simtilii shaka, Mungu amrehemu, lakini mlango huo ungefaa kufungwa kwa miaka kadhaa baada ya kustaafu.

Chuoni tulifundishwa kisa cha Kadhi Shuraih, aliyemnyima Sayyidna Ali deraya yake kwa kukosa shahidi wa kukubalika, naye Ali ndiye aliyekuwa Khalifa. Shuraih alidumu katika ukadhi chini ya Makhalifa kadhaa.

Kwa hivyo naomba Katibu aandike haya: nafasi zitangazwe, maswali yaulizwe hadharani, Tume ipendekeze na Rais afungwe na pendekezo, Bunge lithibitishe, Visiwani wawe na sauti katika majaji wa Rufani, umri wa kustaafu uwe mmoja kwa wote, wala asiongezewe mtu hata siku moja. Wenye kukubali wanyooshe mikono, na nakala ipelekwe Unguja kabla ya kikao kijacho.