Mgonjwa Aliyeogopa Kuponywa



Wapendwa wasikilizaji, katika sura ya tano ya Injili ya Mtakatifu Yohane twasoma habari za mtu aliyelala kando ya birika la maji kule Yerusalemu, akiwa ameugua kwa muda wa miaka 38. Bwana wetu alipomwona, kabla ya kumwamuru neno lolote, alimwuliza kama ataka kuwa mzima. Swali hilo laweza kutushangaza. Ni mgonjwa gani asiyetaka kupona? Lakini mtu yule hakujibu kwa neno "ndiyo". Alianza kutoa sababu: hana wa kumsaidia, na wengine humtangulia majini.

Mimi nalielewa jibu lake, kwa kuwa nami nimewahi kujibu hivyo. Nilipokuwa mtoto nilipelekwa zahanati kung'olewa gego. Foleni ilikuwa ndefu, na mhudumu alikuwa na haraka. Alinichoma sindano ya ganzi, kisha akatwaa koleo kabla ganzi haijashika. Nilipolia, alinigombeza mbele ya watu. Tangu siku hiyo ilipita zaidi ya miaka 30 bila mimi kuketi tena katika kiti cha daktari wa meno. Jino lilipouma nilisema sina nafasi, au vidonge vimenituliza. Padre aliyewahubiria waamini wasiogope, alikuwa akitafunia upande mmoja kwa siri.

Kwaresima moja shavu lilivimba hata nikashindwa kusoma Injili. Katekista wetu, mzee mwenye heshima zake, alinijia sakristia, akasema taratibu: "Baba, ulitufundisha kwamba dhambi inayofichwa huzidi kuoza. Je, jino nalo?" Sikuwa na la kujibu. Nikaenda.

Daktari niliyemkuta alikuwa mama wa makamo. Hakugusa chombo chochote. Alivuta kiti, akaketi mbele yangu, akauliza: "Padre, unaogopa nini hasa?" Niliona haya, kisha nikamsimulia mambo ya zahanati. Hakucheka. Akasema: "Kila nitakalolifanya, nitakueleza kwanza. Ukisikia maumivu inua mkono, nami nitasimama mara moja." Akachoma ganzi, akangoja, akaujaribu ufizi ndipo akaanza kazi. Nakiri kwamba niliinua mkono mara moja, si kwa maumivu, bali kwa kutaka kujua kama ahadi yake ni ya kweli. Alisimama. Sikuuinua tena.

Baadaye alinieleza jinsi jino linavyoharibika. Vijidudu vya kinywani hula sukari tunayokula, vikatoa asidi, na asidi hiyo hulila gamba gumu la jino polepole. Mwanzoni hakuna maumivu, na tundu dogo laweza kuzibwa kwa muda mfupi. Maumivu makali huja uozo ukikaribia mshipa wa fahamu. Usaha nao ukishuka mpaka taya na shingo, waweza kuziba njia ya pumzi na kumwua mtu. Twasema kwamba dawa ya jino bovu ni kuling'oa. Ndugu zangu, msemo huo ni wa sisi tuliochelewa. Meno mengi yangaliweza kuokolewa.

Basi tujifunze nini? Kwanza, sisi tuliopewa kuwahudumia wengine tusidharau hofu yao. Mzazi anayemwambia mtoto, "Nyamaza, la sivyo daktari atakuchoma sindano," anapanda mbegu ya miaka 30 ya maumivu. Katekista anayemwaibisha mtoto kwa kusahau sala, na padre anayemkaripia mwenye kutubu, wanatwaa koleo kabla ya ganzi. Bwana aliuliza kwanza. Alisikiliza na visingizio pia, wala hakumwacha yule mgonjwa pale alipolala.

Pili, anayeogopa aitamke hofu yake. Daktari hawezi kusoma moyo. Anahitaji kuambiwa ukweli, hata ule wa aibu. Mwambie, "Ninaogopa," kabla hujafungua kinywa kwa ajili ya vyombo vyake. Na kama kizuizi si hofu bali ni fedha, jumuiya yako ndogo ndogo ipate habari, mtu asije akasema kama yule wa birikani kwamba hana wa kumsaidia.

Tatu, wako miongoni mwetu walioumizwa zamani katika kiti cha maungamo, au na neno kali la mtumishi wa Kanisa, wakaondoka. Sitawalaumu, kwa maana najua jeraha la namna hiyo hudumu. Nawaomba radhi. Tena nawaambia: mkono ulioniumiza na mkono ulioniponya ilikuwa mikono miwili tofauti. Kama ningaliendelea kuuhukumu wa pili kwa makosa ya wa kwanza, labda nisingekuwa hai kuzungumza nanyi asubuhi hii.

Mtakatifu Apolonia, aliyevunjwa meno na watesi wa imani kule Aleksandria yapata mwaka 249, awaombee wote wanaoumwa meno, na wote wanaowatibu. Naye Bwana akitujia juma hili na swali lake lile, atupe neema ya kujibu kwa neno moja tu: ndiyo.

Amina.