Taa za Ndani ya Gari Unamolala na Kufanyia Kazi

Maelezo haya yalitolewa Mamboleo mbele ya wafanyabiashara wa masoko, madereva na wenye magari ya safari. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa Kaunti.



Nimeombwa nizungumzie taa za ndani ya gari. Huenda kuna anayejiuliza mbona watu wazima wakalishwe kuzungumzia balbu. Sababu ni kwamba kwa wengi wenu gari ndilo duka na ndilo chumba cha kulala. Wakati wa maonyesho ya kilimo hapa Mamboleo tunawaona: Hiace imeng'olewa viti vya nyuma, mna godoro, mna magunia, mna sufuria. Jumapili mko Kibuye, siku nyingine Ahero au Luanda. Wako pia vijana wanaogeuza magari kuwa vyumba vya watalii, vyenye kitanda na meza, wageni waamkie Dunga kutazama ziwa. Wote hawa hununua taa za LED, na wengi hununua ile inayong'aa kuliko zote dukani. Hapo ndipo shida huanzia.

Kwenye pakiti tafuta namba yenye herufi K mwishoni. Hiyo haikuelezi nguvu ya taa, inakueleza rangi ya mwanga. 2700K au 3000K ni mwanga wa manjano, kama ule wa balbu za zamani. 4000K ni mweupe wa kawaida. 6500K ni mweupe wenye ubluu, na ndio umejaa madukani. LED nyeupe kwa asili ni taa ya bluu iliyopakwa unga wa manjano juu yake. Wanasayansi watatu waliozaliwa Japani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014 kwa kuivumbua hiyo ya bluu. Mwanga wenye bluu nyingi huuambia mwili kwamba bado ni mchana. Sasa fikiria dereva aliyekaa chini ya 6500K hadi saa tano usiku akihesabu mauzo, akalala kwa taabu, kisha saa kumi alfajiri anapandisha mlima wa Riat na gari lililojaa mizigo. Usingizi aliokosa kitandani utamdai akiwa kwenye usukani. Kwa sehemu ya kulala, chukua 2700K au 3000K bila kusitasita.

Lakini mama anayeuza samaki asinifuate hapo kwa upofu. Mezani pa kuuzia unahitaji mwanga unaoonyesha rangi ya kweli. Mnunuzi anafunua matamvua ya ngege aone kama bado ni mekundu. Chini ya taa mbovu hata samaki wa leo anafanana na wa juzi, na nyanya iliyoiva inaonekana kijivu. Pakiti nzuri huandikwa herufi CRI na namba. Chini ya 80 iache dukani. Ukipata 90, hiyo ndiyo ya biashara, na rangi ya 4000K itakufaa. Kwa hivyo gari moja laweza kuwa na taa za aina mbili, kila moja na swichi yake. Si anasa hiyo.

Kuhusu wingi wa mwanga, soma lumeni, usisome wati. Sehemu ya kulala ya Hiace inatosheka na lumeni 200 au 300 hivi. Ukiona macho yanauma, mara nyingi taa si kubwa mno, ila imekaa mahali unapoitazama moja kwa moja. Ifiche nyuma ya ubao, ielekeze kwenye dari, au uweke kifuniko cha plastiki chenye ukungu. Ongeza taa ndogo karibu na sakafu kwa anayeamka usiku kwenda haja, asiamshe watoto. Taa nyekundu hafifu inafaa sana hapo, kwa kuwa macho huchukua karibu nusu saa kuzoea giza vizuri na mwanga mweupe huyarudisha nyuma mara moja. Ila isionekane kwa mbele ya gari, mwenye gari linalokuja asije akachanganyikiwa.

Kuna taa zinazopepesa kwa kasi ambayo jicho halioni, hasa zile za kupunguzwa mwanga kwa kifaa cha bei rahisi. Baadhi ya watu huumwa kichwa wasijue chanzo. Dukani, ielekeze kamera ya simu kwenye taa hiyo ikiwa imepunguzwa. Ukiona mistari mieusi inatembea kwenye kioo cha simu, mwachie mwenye duka taa yake.

Wadudu wa ziwani mnawajua, wale wanaotoka majini kama moshi. Wanafuata mwanga, na mweupe wa bluu ndio unaowavuta zaidi. Wa manjano huwapunguza. Mbu wa malaria yeye anafuata zaidi pumzi yako na harufu ya mwili wako, kwa hiyo taa ya manjano haichukui nafasi ya neti. Neti ibaki palepale.

Sasa betri. Gari dogo lina volti 12, malori mengi na mabasi yana 24, na taa ya 12 ukiiweka kwenye 24 itaungua. Hata kwenye gari dogo, injini ikiunguruma volti hupanda hadi 14 na kidogo, ndiyo maana taa za utepe za bei rahisi hufa mapema. Mwambie fundi aweke kifaa cha kusawazisha volti.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Utepe mkali hula takriban wati 14 kwa mita. Mita 5 ni wati 70. Gawanya kwa 12, unapata karibu ampea 6. Kwa saa 8 umekula ampea-saa 48, yaani karibu nusu ya betri ya 100, na betri ya kawaida ya asidi haipendi kushushwa chini ya nusu. Asubuhi utaomba kusukumwa. Utepe wa wati 5 kwa mita, urefu uleule, utakula karibu 17 tu. Kama unalala garini mara kwa mara, nunua betri ya pili ya taa, uiache ya injini kazi yake.

Jambo ambalo sitaki mtu alipite ni fyuzi. Waya wowote utokao kwenye betri uwe na fyuzi karibu kabisa na betri, kabla haujapita popote. LED haina joto kubwa, lakini waya uliochunwa na ukingo wa bati hauulizi umebeba taa gani. Betri itamwaga umeme wake wote hapo, na godoro la sponji liko jirani. Palipo na tundu la bati, pitisha waya kwenye mpira. Na kwa kuwa tumetaja kulala: jiko la makaa lisiingie garini hata likiwa limebaki majivu. Gesi yake haina harufu, na huua watu usingizini.

Vijana wa matatu, taa zenu za kucheza na muziki sitazigombeza leo. Ninachowaomba ni pazia nyuma ya dereva. Usiku kioo cha mbele kinakuwa kama kioo cha kujitazamia, na badala ya barabara anaona dari yenu.

Mezani pale nimeweka betri na vipande vitatu vya utepe, 3000K, 4000K na 6500K, pamoja na samaki mmoja wa leo asubuhi. Njooni mmoja mmoja na simu zenu, muwashe wenyewe.